Zaka ya muda: saa mbili na dakika 24 nazitoa wapi?

MamaPacha_Nkuhungu:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mbukwenyi kwa walioko nyumbani Dodoma.

Naomba ushauri, ila msinipe mstari mtupu halafu mkapita. Wiki tatu zilizopita kanisani kwetu tulifundishwa zaka ya muda. Siku ina saa 24, fungu la kumi ni saa mbili na dakika 24, hizo ni za Bwana, za kuomba na kusoma Neno. Mwalimu aliipiga hesabu ubaoni tukaiona kwa macho. Tukasema amina, na mimi niliisema kwa sauti.

Sasa siku yangu iko hivi. Naamka saa kumi na nusu. Maji kwetu ni ya zamu, usiku wake ukifika nakesha na madumu. Pacha wako darasa la pili: mmoja hamalizi uji, mwingine haoni soksi zilizo mbele yake. Saa kumi na mbili kasoro niko kituoni. Nkuhungu mpaka Mtumba ni kuvuka mji mzima, daladala mbili, na saa moja na nusu kidole kiwe kimeshagusa mashine ya mahudhurio. Nafanya kazi masjala, mimi na mafaili. Tunatoka saa tisa na nusu. Nikipitia Majengo kununua mboga, magharibi inanikuta njiani. Kupika, kuogesha, madaftari ya shule. Saa nne nimeshalala na kanga begani.

Nilijaribu kuamka saa nane usiku ili hesabu itimie. Siku ya kwanza nilisoma zaburi mbili, nikajiona nabii. Siku ya tatu mwanangu alinikuta nimepiga magoti, kichwa kitandani, nakoroma. Akamwambia mwenzake, "Usimsumbue mama, ananena kwa lugha." Tulicheka wote. Baadaye nililia peke yangu.

Waefeso 5:16 naijua, "mkiukomboa wakati". Naukomboa kwa fedha gani?

Konda_Mstaafu:
Dada, mbona jibu umelitaja mwenyewe? Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, hapo saa tatu hazipungui. Chomeka hedifoni, sikiliza Biblia ya sauti. Zaka imetoka na chenji juu.

MamaPacha_Nkuhungu:
Kaka, simu yenye uwezo huo iliibiwa pale sokoni Sabasaba mwezi wa pili. Niliyonayo ni ya kitochi. Na wewe uliyekuwa konda unajua ule muziki mnaotupigia asubuhi.

Mzee_wa_Kibaigwa:
Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea ingawa hujaitoa.

Nimekuwa katekista miaka mingi, sasa nalima mahindi tu. Nikuambie kitu kuhusu njia. Fungua Zaburi ya 120 hadi 134. Ziko kumi na tano, na kila moja kichwani imeandikwa wimbo wa kupanda. Wengi huzielewa kuwa nyimbo za safari, za watu waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kwenye sikukuu. Ni fupi kwa sababu mwenye mzigo kichwani na mtoto mkononi hawezi wimbo mrefu. Ya 121 ina mistari minane. Mimi niliishika juu ya baiskeli, mstari mmoja kwa siku, nikizungukia mitaa yangu. Haikuhitaji simu, na muziki wa konda hauwezi kuizima ukishaiweka kichwani.

Halafu tazama saa. Wenzetu wanaosoma kwa Kiingereza wakifika Matendo 3:1 hukuta saa ya tisa, ikabidi wapige hesabu. Sisi tumeandikiwa "saa ya kusali, saa tisa", nayo ni saa tisa hii hii ya kwetu, jua likianza kulegea. Petro na Yohana walikuwa wanapanda hekaluni wakati wewe unajiandaa kufunga masjala. Na kisimani Samaria ilikuwa yapata saa sita. Bwana amechoka, ameketi, anaomba maji. Hakumwambia yule mama Msamaria aliyekuja kuteka asubiri amalize maombi kwanza. Kwa hiyo hizo foleni zenu za madumu usizidharau. Aliye mbele yako ana jina, umemuuliza?

Huyo mwalimu wenu alihesabu dakika vizuri. Akina mama waliokuwa kwenye mabenchi hakuwahesabu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe nusu.

Nyimbo za njiani sawa, lakini Mathayo 6:6 inasema ingia chumba cha ndani, ufunge mlango. Mume ukimpa dakika za kwenye daladala tu mwaka mzima, atajiona abiria. Lazima kuwe na muda wa mlango kufungwa, hata uwe mdogo. Najua utasema chumba huna. Neno la Kigiriki pale lina maana ya chumba cha akiba, yaani stoo. Bwana aliwatuma stoo, kwenye magunia, hakuwaambia wajenge chumba cha maombi chenye zulia.

Mawili ya haraka. Muda wa mwajiri usiuibe ukauita ibada. Na pia, dada yangu, kwenye ratiba yako yote sijamwona baba pacha. Amesafiri?

Kwaya_ya_Pili:
Sisi Wakatoliki tuna sala ya Malaika wa Bwana, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Dakika chache tu. Bibi yangu Bahi alikuwa anaweka jembe chini, anasali, analiokota. Ni hayo tu.

MamaPacha_Nkuhungu:
Shikamoo mzee, na samahani. Asanteni wote, hata konda.

Nesi umenichoma. Baba pacha yupo. Anarudi saa kumi na mbili, anaketi kibandani kutazama mpira. Jana nimemwambia mboga za Majengo ni zake Jumanne na Alhamisi. Amekubali akiwa anaangalia penalti, kwa hiyo nitamkumbusha.

Stoo ninayo! Chumba cha mafaili yaliyofungwa, kina vumbi na dirisha moja. Mapumziko ya mchana wenzangu wakienda kwa mama lishe, mimi naingia dakika kumi na tano, nasimama katikati ya rafu, nasimama kweli, maana nikiketi mnajua kitakachotokea. Mlinzi amezoea, anafikiri natafuta faili.

Ya 121 nimefika mstari wa nne leo, daladala ikiwa kituo cha Nanenane. "Hatasinzia wala hatalala usingizi, yeye aliye mlinzi wa Israeli." Nikakumbuka ule usiku wa kukoroma, kicheko kikanitoka kwa nguvu mpaka jirani yangu akahamia kiti cha nyuma.