Ncha ya tungsteni inatoa mkondo kisha inakata: nibaki nayo au nihamie nanotyubu za kaboni?

Kathodi_Baridi: Wakuu, habari za muda huu. Niko mwaka wa mwisho fizikia, mradi wangu ni kutoa elektroni kwenye chuma bila kukipasha moto, kwa nguvu ya uga wa umeme peke yake. Nimechonga ncha ya waya wa tungsteni kwa umeme ndani ya kostiki, nikaiweka mbele ya anodi, ombwe la milibari 10⁻⁶. Kwenye volti 1,500 hivi mkondo unaanza, mikroampia moja mbili, unarukaruka, halafu unashuka mpaka unakata. Juzi ikapiga cheche, ncha kwisha habari yake. Msimamizi anataka ninunue nanotyubu, vile vimirija vyembamba mno vya kaboni, viwe ncha badala ya tungsteni. Hela ndiyo hivyo tena.

FundiPampu: Mkuu, tungsteni unaionea. Kwenye 10⁻⁶ gesi iliyobaki inafunika uso wa ncha kwa sekunde chache tu. Kizingiti cha tungsteni safi, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili itoke, ni elektroni-volti (eV) 4.5 hivi, gesi ikinata kinabadilika, na badiliko dogo hapo linayumbisha mkondo vibaya sana. Tena elektroni zinagonga gesi, ayoni zinarudi kuitwanga ncha. Hadubini za elektroni zenye ncha baridi zinakaa kwenye 10⁻¹⁰ na bado ncha inapashwa moto ghafla kila baada ya muda kuisafisha. Chemba ya ombwe uliipasha moto kufukuza gesi kabla ya kupima?

Binti_Nadharia: Kwanza, una hakika hizo ni elektroni zinazotoka kwenye ncha, si umeme unaovuja juu ya kihami? Chora logi ya I/V² dhidi ya 1/V, I ni mkondo, V ni volti. Hesabu ya Fowler na Nordheim ya 1928 inataka mstari ulionyooka unaoshuka.

Kathodi_Baridi: Nimechora dada. Umenyooka, ila upande wa volti kubwa unalala. Chemba sijapasha. Rizista ya kuuzuia mkondo usiruke pia sina.

Binti_Nadharia: Kulala huko mara nyingi ni gesi iliyonata. Emisheni unayo, yaani elektroni kweli zinatoka kwenye ncha.

mzee_wa_moli: Huna rizista halafu unashangaa cheche! Weka megaomu 100 mfululizo na ncha. Mkondo ukiruka mikroampia moja, volti 100 zinaliwa hapo na ncha inapumua. Hata safu za ncha ndogondogo za koni za molibdeni, zile za mtafiti Spindt za 1968, baadaye ziliwekewa tabaka la ukinzani chini kwa sababu hiyohiyo. Nanotyubu zinavumilia ayoni kweli, lakini zikisongamana zinakingana uga, na zisiposhika vizuri zinang'oka. Usinunue bado.

Kathodi_Baridi: Shukrani wakuu. Chemba naipasha hadi nyuzi ngapi?

FundiPampu: Gaskiti zako ni mpira au shaba? Kama mpira usivuke 120, uache usiku kucha pampu ikivuta.