Naomba ushauri: Mzee kapimwa PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) kwa kifaa cha mkononi

Wakuu, shikamooni wakubwa. Baba yangu ana miaka 68. Juzi kwenye upimaji wa bure mtaani alitobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kifaa kidogo cha mkononi, baada ya dakika 15 kikasoma PSA 7.2. Tuliambiwa kawaida isizidi 4. Tangu siku hiyo chakula hakipiti, anawaza saratani ya tezi dume tu, na mimi silali.

Ninavyofahamu PSA hupanda hata kwa UTI au tezi kukua tu kwa umri, na mwezi uliopita alitibiwa UTI. Turudie maabara sasa au tusubiri wiki kadhaa? Ocean Road (hospitali ya saratani, Dar) wanapokea bila rufaa? Aliyepitia hili na mzazi wake anisaidie, tafadhali.