Sütlaç yenye uso uliobabuka: nitaipataje kwa jiko la mkaa?

BintiUjiji:
Wapishi, habari zenu. Mimi ni wa Ujiji, Kigoma. Nilisoma Trabzon, mji wa Uturuki ulio kando ya Bahari Nyeusi, na tangu nirudi sikuwahi kuonja tena sütlaç hadi juzi, Tabora, kwenye harusi ya binamu yangu. Baada ya pilau tukaletewa vibakuli vya udongo: wali wa maziwa, baridi, juu umefanya ngozi yenye madoa ya kahawia. Kijiko cha kwanza tu, machozi yakanitoka mbele za watu.

Trabzon mvua haingoji masika, inanyesha mwaka mzima. Chini ya chumba changu aliishi bibi mjane. Ramadhani ya kwanza alinigongea kabla ya adhana ya magharibi, ameshika bakuli la udongo lililofunikwa sahani. Juu alikuwa amenyunyiza fındık zilizosagwa, zile kokwa zinazolimwa vilimani pwani yote ile. Unavunja ngozi kwa kijiko, chini unakuta maziwa mazito na punje za wali zimelainika lakini bado unazihisi ulimini. Sukari yake ya kiasi. Mama alitulea kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu, basi nikakaanga maandazi ya iliki nikamshushia. Na kwao desturi ni hiyo hiyo! Bakuli lile likawa linapanda na kushuka ngazi hadi nikamaliza chuo. Kipupwe kikifika alikaanga hamsi, visamaki vyao vidogo, amevigaragaza kwenye unga wa mahindi, na ile harufu ilinirudisha Kibirizi kwenye dagaa wetu.

Mama amemsikia bibi yule kwenye simu zangu miaka yote. Nataka naye aonje. Oveni sina, nina jiko la mkaa na sufuria. Ule uso unapatikanaje?

MamaMwanga:
Mwanangu, palia makaa juu. Si ndivyo tunavyooka mkate wa kumimina? Mfuniko wa bati, makaa mengi juu, chini machache. Na hongera kwa kumkumbuka mama.

Nyuki_Sikonge:
Dada, acha sukari, weka asali yetu ya Tabora. Ya miombo ina harufu ambayo sukari haina.

MpishiWaReli:
Dada BintiUjiji, nimepika kambini kwa Waturuki waliokuwa wanajenga SGR, kipande cha Makutupora hadi Tabora. Hii wakiikosa wanauliza. Huenda hata aliyepika kwenye harusi yenu alipitia kambi kama ile, maana vijana wengi wa Tabora walijifunza huko.

Tumia chenga, usitumie mchele mzima wa pilau. Chenga hutoa wanga haraka na maziwa yanashikana. Nusu kikombe cha chai, osha, chemsha kwa maji hadi ziive kabisa na maji yakaribie kukauka. Mimina lita 1 ya maziwa freshi, moto mdogo, koroga hadi chini ya sufuria maana maziwa hushika upesi. Yakianza kuchemka weka sukari nusu kikombe na chumvi kidogo sana. Mwisho vijiko 2 vya unga wa mchele ulioukoroga kwenye maziwa baridi. Ukiona inateleza kama uji mwepesi, ipua, ikipoa itakaza yenyewe.

Sasa uso. Kambini tulipanga bakuli kwenye sinia lenye maji, tukaingiza kwenye oveni, moto wa juu. Kwenye sufuria usiweke maji, mvuke utakaa chini ya mfuniko na ngozi haitakauka. Weka mchanga mkavu, panga bakuli juu yake. Chota uji kidogo, changanya na kiini cha yai, rudisha kijiko kimoja juu ya kila bakuli. Hicho kiini ndicho kinachoshika rangi. Halafu fanya alivyosema mama hapo juu.

Ndugu wa Sikonge, asali ninaipenda, lakini ukiichemsha na maziwa yanaweza kukatika. Imwagiwe juu ikishapoa.

BintiUjiji:
Kaka, Mungu akuzidishie. Mchanga nisingeuwaza kamwe. Bakuli za udongo nitanunua sokoni, ila naogopa zisipasuke. Na yai halitatoa shombo?

MpishiWaReli:
Shombo haitakuwepo ukitia vanila na kiini kikiwa hakina ute. Bakuli mpya ziloweke usiku kucha, zikaushe, na uzipange kwenye mchanga ukiwa bado baridi ili zipate moto taratibu. Fındık huku ni shida, kaanga korosho uziponde.

MamaMwanga:
Na usifunue funue. Acha robo saa, ndipo uinue mfuniko kwa koleo, pole pole, jivu lisimwagikie ndani.

BintiUjiji:
Shikamoo mama, nimekuelewa. Napika Ijumaa. Moja ya bakuli nitakuletea Mwanga.