Lost, Dark au Battlestar Galactica: ipi inageuza kibao kwelikweli?

Kigamboni_Juu
Wakuu, habari za jioni. Kijana wa kibanda cha muvi ananijazia diski Jumamosi na nafasi iliyobaki inatosha tamthilia moja tu, nzima. Nataka ya sayansi ya kubuni, yenye lile pigo ambalo likikupata unasimamisha runinga unatafuta mtu wa kumpigia simu usiku huohuo. Nimechuja nimebaki na Lost, Dark na Battlestar Galactica. Ipi? Tafadhali msinimalizie uhondo.

Binti_Chumbageni
Mkuu, umeuliza kama mtu anayetaka bei ya kitambaa bila kusema mita ngapi. GB zimebaki ngapi? Unaangalia peke yako au na watu? Kusoma maandishi ya chini kunakukera? Dark ni ya Kijerumani, misimu 3, sehemu 26, umemaliza. Lost ni misimu 6, hiyo ni ndoa. Jibu haya kwanza, mengine baadaye.

Mzee_Rimoti
Lost. Funga mjadala. Mwisho wa msimu wa 3, mwaka 2007, tulishazoea kwamba kila sehemu wanakurudisha kwenye maisha ya mtu kabla ndege haijaanguka kisiwani. Basi Jack, mhusika mkuu, anaonyeshwa ana madevu, amelewa, amekata tamaa, nawe unajisemea aa, haya ni ya zamani. Dakika za mwisho yuko usiku karibu na uwanja wa ndege, gari linasimama, mtu anashuka... Naishia hapo. Walioiona wanajua nilivyoruka kwenye kochi.

Nakuru_Damu
Mzee, mbona humwambii pia ule mwisho wa 2010? Watu walibaki kuulizana kumbe hawa wote walikufa tangu siku ya kwanza?

Mzee_Rimoti
Haya, uzushi uleule! Hawakufa kwenye ajali. Kisiwani mambo yote yalitokea kweli, na baba yake Jack anamwambia hivyo waziwazi kanisani. Yaliyokuwa ya baada ya kifo ni ile hadithi ya pembeni ya msimu wa 6 peke yake. Kilichowapoteza watu ni picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina yanapita. Zile kituo cha runinga cha ABC kiliziweka tu ili mtazamaji ashushe pumzi kabla ya taarifa ya habari. Watu wakazigeuza ushahidi, na mpaka leo nabishana nao.

Kigamboni_Juu
Jamani! Nilisema nini kuhusu uhondo? Lost nimeshaifuta.

Mzee_Rimoti
Imeisha 2010, kijana. Ulitaka tukutunzie mpaka lini?

Fundi_Antena
Dark ni nzuri ila ngoja nikupe yaliyonikuta. Niliichukua kibandani, sikitaji. Mafaili yameandikwa 1, 2, 3 mpaka 10. Runinga yangu inapanga majina tarakimu kwa tarakimu, kwa hiyo baada ya 1 inakuja 10, ndipo 2 ifuate. Mimi sina habari. Usiku wa kwanza mtoto anapotea msituni karibu na pango, safi kabisa. Inayofuata ikaingia 10, ya mwisho ya msimu. Watu wanafunguka siri nzito, huyu kumbe ni nani, yule amekuwa nani akizeeka. Nikasema Wajerumani hawana muda wa kupoteza! Kesho yake 2, wale waliofunguka wamerudi kutojua kitu. Mke wangu anauliza, huyu si alishaambiwa? Namwambia tulia, ni ya kusafiri kwenye wakati, ndiyo mtindo wao. Tukasonga hivyo msimu mzima, na mimi ndiye mfafanuzi wa nyumba. Lile pigo la huyu ni baba wa yule, ambalo dunia nzima ilipiga nalo kelele, kwetu lilipita kama tangazo la sabuni. Shemeji yangu alipokuja ndiye akashtuka. Nikarudi kibandani kulalamika, kijana akanijibu bila kucheka: "Kaka, hiyo yenyewe unaweza kuanzia popote."

Kwa hiyo ukiichukua, mwambie aandike 01, 02, 03. Hilo ni muhimu kuliko ubora wa picha.

Binti_Chumbageni
😂😂 Mfafanuzi wa nyumba! Hata hivyo kwangu Dark bado inashinda. Ndani ya hadithi maangamizi yanatokea tarehe 27 Juni 2020, na msimu wa mwisho wakautoa tarehe hiyohiyo, dunia iko ndani kwa sababu ya korona. Kila uzi ulioachwa msimu wa 1 unakutana na mwenzake. Hao ni waandishi waliokaa chini wakapanga kabla ya kupiga picha.

Kigamboni_Juu
Westworld je? Niliiacha kwenye orodha nikaitoa.

Binti_Chumbageni
Ulifanya vizuri. Msimu wa 1 ni moto, lakini mashabiki mtandaoni walilifumbua fumbo la yule mzee wa kofia nyeusi wiki kadhaa kabla halijafunuliwa. Misimu iliyofuata waandishi wakaanza kukimbizana na watazamaji, mambo yakawa magumu kwa makusudi. Kituo cha HBO kikaifuta 2022 baada ya msimu wa 4, na hadithi haijafungwa.

Nakuru_Damu
Boss, chukua Battlestar Galactica, usisumbuke. Vita vya binadamu na mashine, na mashine zinafanana na binadamu. Mwisho wa msimu wa 3 watu wanne wanasikia muziki ambao wengine hawausikii, wanaufuata kila mtu kutoka kona yake, wanakutana chumba kimoja wanatazamana. Sisemi ni kina nani. Kwa mmoja wao sikulala.

Binti_Chumbageni
Na hao wanne waandishi waliwachagua hadithi ikiwa katikati, haikuwa imepangwa. Halafu mwanzoni mwa kila sehemu walikuwa wanatuandikia kwamba mashine "zina mpango". Mpango gani?

Nakuru_Damu
Sasa kama hukushuku, umepungukiwa nini? Mimi nahukumu ule moyo ulivyonidunda. Ramani ya mwandishi inanihusu nini?

Mzee_Rimoti
Hapo Nakuru umesema. Ila mwambie na mwisho wake, maana Mtanzania hatakiwi kuukosa.

Nakuru_Damu
Zee la kumaliza uhondo limerudi.

Mzee_Rimoti
Kigamboni ruka ujumbe huu. Machi 2009, sehemu ya mwisho kabisa. Safari yote ile ya angani, sayari kwa sayari, wanafika wapi? Wanaruka mbele miaka 150,000 mpaka New York, kuna bwana anasoma jarida, na huyo bwana ni Ronald D. Moore mwenyewe, mtengenezaji wa tamthilia. Malaika wawili wanasoma kwa kumchungulia begani kwamba mama wa wanadamu wote aliishi mahali ambapo leo ni TANZANIA. Wamarekani walikasirika, malaika mara Mungu, mara wanatupa merikebu zao kwenye jua. Mimi nilipiga makofi.

Nakuru_Damu
Walikosea kidogo tu mpaka. Turkana Boy, ile mifupa ya kijana wa kale, alipatikana wapi? Nariokotome, 1984, na aliyemwona ni Kamoya Kimeu, mtoto wa Kenya. Mifupa yake mingi ipo.

Fundi_Antena
Na fuvu la kale la Zinjanthropus je? Olduvai, 1959. Na nyayo za Laetoli, miaka milioni 3 na zaidi. Mna nyayo nyie?

Mwalimu_Baiolojia
Mnachanganya mambo. Hao wote ni wa kale sana kuliko huyo anayetajwa kwenye tamthilia. Huyo ndiye Mama wa mitokondria, yaani wa ile sehemu ya urithi tunayoipata kwa mama tu, na si mwanamke wa kwanza, wala hakuwa peke yake duniani. Walikuwepo wanawake wengi, ila nasaba zao za mama kwa binti zilikatika mahali fulani, yake ikafika kwetu. Tena huwezi kuokota mifupa ukasema ndiye huyu. Pale waandishi walijipa uhuru.

Nakuru_Damu
Mwalimu, tulikuwa tunafurahi.

Kigamboni_Juu
Sikuruka, nimesoma, na nimeipenda kuliko zote. Swali la mwisho: ipo yenye sauti ya Kiswahili? Naangalia na baba mkwe, yupo kwetu kwa matibabu, Kiingereza hakipandi na miwani yake imevunjika.

Binti_Chumbageni
WEWE! Niliuliza nini ujumbe wa pili kabisa?

Fundi_Antena
Mpe baba mkwe za Kituruki zilizoingizwa sauti. Kule mtoto aliyepotea anapatikana ni tajiri, kibao kimegeuka na kila mtu kaelewa.

Mzee_Rimoti
Au utafsiri mwenyewe, usimamishe kila dakika mbili. Mimi hivyo ndivyo nilivyoijua Lost kwa kina.

Binti_Chumbageni
Sasa ndiyo naelewa kwa nini unabishana na watu mpaka leo.

Nakuru_Damu
Niko Dar wiki ijayo kikazi. Hilo fuvu la Zinjanthropus si liko Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert? Jumapili wanafungua?