Seli zinazozuia huzalishaje mdundo katika hipokampasi?

Mwanafunzi wa fiziolojia:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Tumefundishwa kwamba kazi ya seli za neva zinazotoa GABA, yaani kemikali ya kuzuia, ni kuzinyamazisha nyingine, na katika CA1, moja ya maeneo ya hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu), ni chache mno zikilinganishwa na seli za piramidi, yaani seli kuu za kuchochea. Inakuwaje basi mawimbi ya umeme ya ubongo yaitwayo theta, ambayo kwa panya anayetembea hupanda na kushuka mara 4 hadi 12 kwa sekunde, yanasemekana kuzitegemea?

Mkufunzi wa maabara:
Uchache wake usikudanganye. Seli moja ya kikapu, ambayo ni aina ya seli za kuzuia, huweza kugusa seli za piramidi zaidi ya elfu moja, tena huzigusa kwenye mwili wa seli wenyewe, karibu kabisa na mahali msukumo wa umeme unapoanzia. Ikishafyatua, yaani ikishatoa msukumo wake, milango inayopitisha chembe za kloridi hufunguka katika seli hizo zote kwa mpigo, nazo hunyamaza pamoja. Kizuizi kinapofifia, huwa tayari kufyatua pamoja. Mwaka 1995 Cobb na wenzake walionyesha, katika vipande vya hipokampasi ya panya, kwamba seli moja tu ya kuzuia yaweza kupanga wakati wa kufyatua wa seli za piramidi kwa mwendo wa theta. Kwa hiyo kuzuia huku ndiko kunakoamua seli ifyatue lini.

Msomaji wa neva:
Nakubaliana na Mkufunzi, ila tusiisahau septamu ya kati, eneo jingine la ubongo. Seli zake za GABA hutuma nyuzi hadi hipokampasi na kuzizuia hasa zile seli zinazozuia, jambo ambalo Freund na Antal walilibainisha mwaka 1988. Mzuiaji akizuiwa, piramidi hupumua. Akiachiwa, hubanwa tena. Wala wazuiaji hawafanyi kazi kwa zamu moja: wapo wanaobana mwili wa seli, na wapo wanaobana ncha za matawi ya mbali, kila kundi kwa wakati wake ndani ya wimbi lile lile.

Mwanafunzi wa fiziolojia:
Ahsanteni sana. Je, mawimbi ya gama, yale ya mara 30 hadi 100 kwa sekunde, nayo hutokana na utaratibu huo?

Mkufunzi wa maabara:
Kwa sehemu kubwa, ndiyo, ingawa huko piramidi nazo huzichochea seli za kikapu, zikajibiwa kwa kizuizi milisekunde chache baadaye. Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa dawa: pentobabitali, dawa ya usingizi, hurefusha muda wa kizuizi cha GABA, na ikiongezwa kwenye vipande vya hipokampasi, mawimbi ya gama hupungua kasi.