Pedali ya ekspresheni inarukaruka: nisafishe, nibadili volyumu ya ndani au ninunue mpya?

SoloWaDodoma

Wakuu habari za muda huu. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya hapa Dodoma, natumia mashine ya efekti Boss GT-1, na nyuma nimechomeka pedali ya ekspresheni ya pembeni (ile ya kukanyaga kubadili kiwango cha efekti) kwa ajili ya kupandisha dilei, yaani mwangwi, taratibu kwenye nyimbo za kuabudu, ile pedali ya kwenye mashine yenyewe nimeiachia sauti. Sasa hii ni wiki ya tatu pedali ya pembeni haisikii. Nikikanyaga mbele mpaka mwisho namba inagota 78, 100 haifiki kabisa. Nikirudisha kisigino inashuka vizuri ila ikifika maeneo ya katikati inaanza kuruka, 41, 60, 38, halafu inatulia tena kama hakuna kilichotokea. Jumapili iliyopita tupo kwenye maombi, kimya kabisa, dilei ikajaa yenyewe, mpaka mwalimu wa kwaya akageuka. Iliniuma maana ile sehemu tulikuwa tumeifanyia mazoezi mwezi mzima.

Mwenzangu mmoja anasema nipulizie dawa tu, mwingine anasema nibadili ile volyumu ya ndani (kile kizungushio kinachogeuza mwendo wa mguu kuwa namba), kuna anayesema nitupe ninunue mpya, na kuna mwingine kanishauri nitumie pedali ya sauti ya kawaida badala yake. Pedali yenyewe haina jina la maana, nilipewa na aliyeitumia kabla yangu. Kipi kianze? Natanguliza shukrani.

FundiMitaKkoo

Mkuu usinunue chochote kwanza. Anza na waya. Angalia jeki za pande zote mbili uhesabu vile vipete vyeusi, viwili ni stirio, kimoja ni mono. Pedali yako lazima iwe stirio kwa sababu inatumia njia tatu: pete, ile chuma iliyo kati ya vipete viwili, inapokea umeme mdogo kutoka kwenye mashine, ncha ya jeki inarudisha kiasi kulingana na mguu ulipo, na mwili wa jeki ni grandi, njia ya umeme kurudi. Ukichomeka waya wa gitaa ambao ni mono, ule mwili wake unagusa pete na kuipeleka grandi, hapo mashine kama yako itasoma sifuri tu hata ukanyage mpaka kesho. Wewe inasoma, inaruka tu, kwa hiyo waya wako inawezekana kabisa ni stirio ila hiyo haimaanishi ni mzima.

Fanya hivi, weka pedali mahali pasiporuka, toa mguu kabisa, halafu utikise waya karibu na jeki, upande mmoja kisha wa pili. Namba ikicheza shida ni waya au tundu. Ikitulia, na inaanza kuruka ukisogeza mguu tu na daima pale pale, hiyo ni njia ya kaboni ndani ya volyumu imechafuka au imelika. Hivyo ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya kila siku.

Mkono_Mtamu_Nai

Bro sikiza huyo fundi. Mimi yangu ilianza kuruka hivyo hivyo, nikaenda Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi, na haraka zangu nikanunua pedali mpya, nimefika nyumbani nimechomeka, shida ni ile ile. Kumbe ni kebo, ndani ya jeki ule waya wa pete ulikuwa umeshikilia na kanyuzi kamoja tu, ukikanja kebo inaachia. Pesa ilikuwa imeshaenda. Tangu hiyo siku kama sijajaribu na kebo ingine hata sifungui skrubu.

KinandaChaMvita

Ndugu yangu, mimi ni wa kinanda, napiga taarabu huku Mombasa, lakini pedali ni zile zile. Kuna jambo hamjalitaja. Si kila kampuni huunganisha sawa. Za Roland na Boss ile waipa, yaani kile kidole kinachotembea juu ya kaboni, iko kwenye ncha. Za Yamaha na Korg iko kwenye pete. Ukichukua pedali ya upande huu ukaichomeka upande ule, itafanya kazi nusu: utaona namba yapanda kwa kasi pale mwanzo tu ukiinua kisigino, kisha safari yote iliyobaki haibadiliki kitu. Mimi nilihangaika na hilo jambo siku nyingi nikidhani pedali imekufa, na ilikuwa nzima kabisa.

Pedali nyingi zinazouzwa kwa mashine zote zina swichi ndogo chini au ubavuni, hebu igeuze uone. Na ubavuni tazama pia kama pana kinobu cha minimamu, hicho kirudishe sifuri, kikiwa juu pedali haishuki mpaka chini hata ufanyeje. Yako wewe hukwama juu kwa hivyo huenda si hicho, lakini kutazama hakugharimu.

BesiNaSolo

Mimi naona tofauti kidogo na wakuu hapo juu. Kama unatumia pedali kanisani kila Jumapili na imeshakuaibisha mara moja, nunua mpya ya kueleweka, ile ya zamani ikae nyumbani ya mazoezi. Ukisafisha inakaa wiki mbili inarudi pale pale, ukifungua na kufunga kila mara skrubu za plastiki zinalegea. Zipo pia zinazotumia mwanga badala ya kaboni, hazina kitu cha kulika pale ndani, japo bei yake imesimama.

Kuhusu pedali ya sauti ya kawaida, usifuate huo ushauri bila kuuliza ni ya kilo ngapi, yaani kiloomu, kipimo cha ukinzani wa volyumu yake. Ile ya gitaa la kawaida ni kilo 250 na nyingi zimekatwa kwa mlio wa sikio, yaani zinapanda kufuata sikio linavyosikia, siyo sawasawa, ukiitumia kama ekspresheni thamani zote zinajazana upande mmoja na kwingine hakuna kitu. Ya kilo 25 inavumilika ukiwa na ule waya wa Y, stirio moja kuja mono mbili. Boss FV-500 yenyewe imewekewa tundu la ekspresheni kabisa, hiyo ni habari nyingine, inafanya kazi zote mbili.

FundiMitaKkoo

Mkuu Besi sikatai, ila kununua bila kupima ndiko kulikomkuta jamaa wa Nairobi. Na kusafisha siyo kupoteza muda, kunakuambia ugonjwa ni upi. Ikisafishwa ikatulia, ilikuwa vumbi. Ikirudi ndani ya siku chache, kaboni imelika na hakuna dawa inayorudisha kaboni.

Solo, tafuta mita ya kupimia umeme, uiweke kwenye kupima ukinzani. Chomoa pedali kwenye mashine, acha waya umechomekwa kwenye pedali, pima ule mwisho ulio wazi. Pete na mwili lazima isome karibu kilo 10 na isibadilike hata ukikanyaga. Halafu ncha na mwili, kanyaga polepole sana, inatakiwa ipande bila kuruka kutoka karibu na sifuri mpaka karibu na hiyo kilo 10. Leta majibu hapa.

SoloWaDodoma

Wakuu nimerudi. Waya ni stirio, nimetikisa pande zote namba haikucheza. Swichi ya Mzee wa Mvita nimeiona kweli ipo chini, nilipoigeuza ikawa mbaya zaidi vile vile alivyosema, inapanda mwanzoni tu, nikairudisha. Mita nimeazima kwa fundi redio jirani. Pete na mwili kilo 9.8, haitikisiki. Ncha na mwili inaanza karibu na sifuri, inapanda vizuri, ikifika kama kilo 4 mita inaandika OL kabisa kama vile waya umekatika, nikisogeza kidogo tu inarudi, halafu mwisho wa mguu inaishia kilo 7.7.

FundiMitaKkoo

Hapo umemaliza kazi. Una magonjwa mawili. OL pale kilo 4 maana yake kidole kinapoteza kaboni kabisa sehemu hiyo. Na kuishia 7.7 siyo kaboni, ni giya. Volyumu inazunguka karibu digrii 300, mguu unatembea kidogo tu, kwa hiyo kuna kijino cha plastiki kinachokuza mwendo. Kikiruka jino moja au ile skrubu yake ikilegea unapoteza upande mmoja, kwako umepotea wa juu. Fungua chini, weka kisigino chini kabisa, zungusha volyumu mpaka mwanzo, hapo ndipo ukamate giya. Baada ya hapo rudia kalibresheni, yaani kuionyesha mashine mwanzo na mwisho wa pedali, kama mashine yako inayo kwa hiyo pedali, siyo kabla.

Dawa tumia ile ya kusafishia kontakti za umeme, siyo WD-40 ya kawaida ya kwenye mageti, ile inaacha mafuta yanayokamata vumbi. Na usimwage, tone moja kwenye kitundu pale zinapotokea zile pini tatu, halafu kanyaga mara thelathini.

SoloWaDodoma

Asanteni sana. Nimefungua jana usiku. Skrubu nne, ndani kuna vumbi jeusi laini kama masizi ya koroboi limelala juu ya giya, na kweli ile skrubu ndogo ya giya ilikuwa inazunguka kwa kidole. Nimesafisha, nimepanga giya, ikafika 100 na kuruka kukaisha. Nilifurahi nikalala. Leo asubuhi nimekanyaga kama dakika kumi hivi, imeanza tena kuruka, safari hii 41 kwenda 52.

BesiNaSolo

Ndo nilichosema mkuu.

FundiMitaKkoo

Ndiyo, na sasa anajua cha kununua ni volyumu peke yake, haifiki hela ya chipsi mayai. Iwe B10K, hiyo B ni ya kupanda sawasawa, usichukue A, ile ya mlio wa sikio. Na uchukue ile ya zamani mkononi uende nayo dukani ulinganishe mhimili, maana upo wenye meno na upo wenye upande mmoja bapa, giya lako litakubali mmoja tu.

SoloWaDodoma

Nimekuja kuleta mrejesho. Duka la kwanza walinipa yenye meno, giya ikawa inateleza, nikarudisha. La pili nikapata yenye upande bapa, B10K imeandikwa mgongoni. Fundi redio amenichomelea, pini ya katikati waya mweupe na zile mbili za pembeni nilikuwa nimezipiga picha kabla ya kutoa. Mara ya kwanza ikawa kinyume, kisigino kinaleta 100 na vidole vinaleta 0, tukazibadilisha nafasi zile mbili za pembeni ikakaa sawa. Jumapili nimepiga ibada zote mbili, 0 mpaka 100 bila kuruka. BesiNaSolo nimekusikia pia, hela ya pedali mpya naiweka kidogo kidogo, ila hii ndiyo itakuwa kanisani kwa sasa.

KinandaChaMvita

Alhamdulillahi. Hizo pini za pembeni kugeuka ni jambo la kawaida, wala hukukosea. Ile volyumu mbovu usiitupe bado, hebu nipe jibu: umeifungua ukaona ule mstari wa kaboni?

SoloWaDodoma

Nimeifungua Mzee wangu. Kuna kamkwaruzo katikati, mahali kidole kinapopita pamekuwa peupe, kama upana wa punje ya mchele. Ni pale pale ninapoachia mguu kila wimbo.