Bunduki kuukuu ya kasiba mbili: nitengeneze au niiache?

Mlenga_Entebbe
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kuhusu bunduki ya marisau ya kasiba mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, geji 12 (kipimo cha upana wa kasiba), imetengenezwa Birmingham, vifyatuo viwili, nyundo ziko ndani. Ni ya kulengea visahani vya udongo tu. Leseni iko hai.

Kasoro zake: ikifungwa, kasiba zinacheza kidogo. Kasiba ya kushoto ina vidoa vya kutu ndani. Kitako kina ufa nyuma ya mtambo (sehemu ya chuma yenye nyundo na vifyatuo). Na mara mbili kifyatuo kimoja kimetoa risasi zote mbili. Fundi anataka aanze na kitako halafu apake kasiba rangi upya. Niendelee naye au nitafute bunduki nyingine?

FundiChuma
Ndugu, usiipige tena hadi ikaguliwe. Bunduki inayotoa risasi mbili kwa mvuto mmoja ni hatari kwako na kwa aliyesimama karibu nawe.

Halafu asianze na kitako. Kasiba ndizo zinazoamua, mengine yote yana dawa. Zitoe, geuza, tazama sehemu bapa chini ya chemba, yaani pale nyuma ya kasiba risasi inapokaa. Unatafuta taji lenye herufi NP au BNP, au maneno NITRO PROOF. Hiyo ndiyo mihuri ya kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, ambayo ndiyo iliyomo kwenye risasi karibu zote za dukani leo. Kama haipo, usiendelee kutumia pesa.

Ikiwepo, fundi apime upana wa ndani, sentimita 23 kutoka nyuma ya kasiba. Geji 12 ni milimita 18.5. Ikiwa imepanuka zaidi ya milimita 0.25 kupita kipimo kilichogongwa, muhuri wake haufanyi kazi tena. Kisha apime unene wa ukuta urefu wote wa kasiba, kwa kifaa chake maalumu, asikadirie kwa macho. Sehemu ya mbele isishuke chini ya milimita 0.5, na kuelekea chemba lazima iwe nene zaidi sana, maana ndiko shinikizo linakofika kileleni. Kwa hiyo kidoa cha kutu karibu na chemba ni kibaya kuliko kidoa kama hicho kilicho karibu na mdomo. Tena, kukiondoa kwa kusugua ndani kunakula chuma, nawe unapanua kasiba uliyokuwa unaiokoa. Vidoa vyepesi viachwe vilivyo.

Mwisho, ning'iniza kasiba kwa kidole kwenye ndoana yake, kile chuma cha chini kinachoshika pini ya bawaba, na uzigonge kwa kifundo. Zikilia kama kengele, ubavu uliozishikanisha uko imara. Sauti ikifa au ikatetemeka, umeachia, na maji yanaingia chini yake.

Marisau12
Naongezea urefu wa chemba. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya milimita 65, na risasi za kawaida leo ni 70. Risasi ya 70 itaingia vizuri kabisa, kwa sababu namba hiyo ni urefu wa ganda likishafunguka. Likifunguka halina nafasi, linabana njia, shinikizo linapanda. Kwa hiyo kuingia si ushahidi. Tumia za 65, gramu 24; kwa visahani zinatosha. Marisau ya chuma kamwe, ya madini ya risasi tu.

Mlenga_Entebbe
Asanteni sana. Majibu ya vipimo: muhuri NP upo, namba ni 12, ndani ni 18.6, ukuta mwembamba kabisa ni 0.7 sehemu ya mbele, vidoa ni vyepesi na viko mbali na chemba, kasiba zinalia vizuri. Chemba ni 65.

FundiChuma
Basi inastahili kutengenezwa, lakini kwa mpangilio huu.

Kwanza mtambo. Meno yanayoshika nyundo ya pili yameisha, au ufa wa kitako unaufanya mtambo usogee, kidole kikagusa kifyatuo cha pili. Ajaribu kwa risasi bandia: avute cha kulia, agonge kitako kwa kiganja, nyundo ya kushoto isianguke.

Pili, kuchezacheza. Ondoa mbao ya mbele kwanza, springi yake huficha ulegevu. Dawa ni pini ya bawaba iliyo nene zaidi, au kujaza chuma kwenye ndoana na kuikwangua kwa tupa huku ukipima kwa masizi yanayoonyesha panapogusana. Akikuambia ataiponda ndoana kwa nyundo au kubandika kibati, ondoka. Italegea tena upesi.

Kitako kiwe cha tatu. Mafuta yaliyonywewa na mbao yatolewe kabla ya gundi, la sivyo haishiki. Kupaka rangi ni mapambo, kunaweza kusubiri.

Fundi awe na leseni, na karatasi zako ziende pamoja na bunduki. Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 haichezewi.

Marisau12
Ikirudi, isilale kwenye ala ya ngozi. Huko karibu na ziwa ngozi inanyonya unyevu na kutu haikawii. Isimamishe mdomo chini juu ya kitambaa, mafuta yasitiririke kwenye mbao ya kitako. Huo ufa huenda ulianzia hapo.